NJIA YA KUWA DAKTARI WA WATOTO: ILIJENGWAJE, NA MWANAO AINGILIE MLANGO UPI? (Sehemu ya 9)

Nesi wenu nimerudi.

Baada ya ile sehemu ya chanjo, maswali mengi mliyonitumia hayakuhusu homa wala kuharisha. Yalikuwa hivi: "Nesi, mwanangu anasema anataka kuwa daktari wa watoto. Asome nini? Ni miaka mingapi? Na sisi watu wa kawaida tutaweza?"

Ningeweza kuwajibu kwa mistari mitano tukamaliza. Ila nimeona niwape historia kwanza, maana wengi tunaifikiria njia hii kama ngazi moja iliyosimama wima: mtoto akiteleza kidato cha nne, basi, habari imeisha. Mkiona jinsi ngazi yenyewe ilivyojengwa mtaelewa kwamba ina milango zaidi ya mmoja, na mtajua ni wapi hasa mzazi anatakiwa kumshika mtoto mkono. Ni ndefu kidogo. Nyonyesha huku unasoma.

1. KULIKUWA NA MADAKTARI, WA WATOTO HAWAKUWEPO

Kwa karne nyingi mtoto akiugua alikuwa wa mama yake, bibi yake na mkunga. Hospitali zilikuwa za watu wazima. Kule Ulaya, hospitali nyingi hazikutaka hata kulaza watoto wadogo. Hospitali ya watoto ya Paris ilifunguliwa mwaka 1802. London walisubiri hadi mwaka 1852, ndipo ikafunguliwa ile ya Great Ormond Street, ikiwa na vitanda 10 tu. Vitanda 10 kwa jiji zima!

Kilichowafanya watu waanze kutenga daktari wa watoto ni jambo ambalo kila mama analijua bila kufundishwa: mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Anapumua haraka zaidi, anapoteza maji haraka zaidi, na hawezi kukuambia panapouma. Ndiyo maana ukija kituoni tunampima uzito kabla ya kumwandikia dawa. Dozi ya mtoto inakwenda na kilo zake. Nusu kidonge cha kukisia kwa macho kinaweza kuwa kidogo mno au kingi mno.

Kwa hiyo mpaka leo, hapa kwetu na katika nchi nyingi, mtu anaanza kwa kusomea udaktari wa kawaida, wa mwili mzima na watu wote, kisha ndipo anaongeza ubingwa wa watoto. Hapa kwetu hakuna kozi ya kutoka sekondari ukaenda moja kwa moja kuwa daktari bingwa wa watoto. Mtu akikuuzia kozi ya namna hiyo, kimbia.

2. MWANAMKE ALIYEWASIKILIZA AKINA MAMA

Hapa nataka mumjue Cicely Williams. Alizaliwa Jamaika mwaka 1893. Aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea udaktari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wanaume wengi walipokuwa vitani. Yaani mlango ulifunguka kwa sababu wenye nyumba walikuwa wametoka, naye akapita.

Mwaka 1929 akapelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huko akakutana na watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne waliovimba miguu, nywele zimepauka, ngozi inabanduka, hawataki kula. Wenzake walikuwa na majibu yao ya vitabuni. Yeye akauliza watu wa pale wanauitaje ugonjwa huu. Wakamwambia kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Jina lenyewe lilikuwa limeshabeba jibu. Mtoto anaachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, anapewa uji mtupu wa mahindi, protini inakosekana.

Aliandika habari hiyo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina hilo katika jarida la kitabibu la Uingereza. Leo kila muuguzi hapa kwetu anaijua kwashiakoo. Mwaka 1948 mama huyu akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Ukisikia tunasema "kliniki ya mama na mtoto", ujue kuziweka hizo roho mbili pamoja ni wazo lililopiganiwa na watu kama yeye.

Na ile kadi ya kliniki yenye mchoro wa ukuaji? Ilitokana na kazi ya daktari mwingine wa watoto, David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliona mama akikaa na rekodi ya mwanawe mwenyewe, mtoto atakuwa salama zaidi kuliko rekodi ikifungiwa kabatini hospitali. Kwa hiyo usiitumie kuandikia namba za simu, tafadhali.

Nimewaeleza hawa wawili kwa sababu moja. Mkitafuta kama mtoto wenu ana dalili za udaktari wa watoto, msiangalie maksi peke yake. Angalieni kama anauliza, na kama anasubiri jibu.

3. TWENDE NYUMBANI: DRESA, MAKERERE, NA MADAKTARI 12

Enzi za mkoloni, Mwafrika wa Tanganyika hakuwa na chuo cha udaktari hapa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ilifundisha wahudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa vijijini. Bibi zetu waliwaita dresa. Kijiji kizima kilimtegemea dresa.

Aliyetaka kuwa daktari kamili ilibidi avuke mpaka aende Uganda. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mafunzo ya udaktari yakaanza huko mwaka 1924, wanafunzi wakifundishiwa katika Hospitali ya Mulago. Kwa miaka mingi Makerere ndiyo ilikuwa njia ya Afrika Mashariki yote.

Na dada zetu? Wanawake wa kwanza, 6 tu, waliingia Makerere mwaka 1945. Kabla ya hapo kaulimbiu ya chuo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume! Ilibidi ibadilishwe. Mwaka 1959 Josephine Nambooze wa Uganda akahitimu pale, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari. Mwaka huohuo wa 1959 Makerere ikampata profesa wa afya ya mtoto, Derrick Jelliffe, katika nafasi iliyogharamiwa na UNICEF. Kumbe elimu ya juu ya udaktari wa watoto katika ukanda wetu haijafikisha hata miaka mia.

Sasa shika hesabu hii. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu karibu watu milioni 9 Tanganyika. Tulipopata uhuru, Desemba 1961, madaktari wazalendo wanaotajwa walikuwa 12. Siyo 12 wa watoto. Wote kwa jumla.

4. NGAZI INAJENGWA

Hospitali ya Muhimbili mnayoijua ilifunguliwa mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret. Mwaka 1963 ikaanzishwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam chini ya Wizara ya Afya. Mwaka 1968 ikapandishwa kuwa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili, ndiyo MUHAS ya leo.

Lakini taifa halikuweza kusubiri wenye digrii peke yao. Watoto walikuwa wanakufa kwa surua, malaria, kuharisha na nimonia leo, siyo baada ya miaka kumi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ikasukuma huduma vijijini. Wakafunzwa waganga wasaidizi wa vijijini waliotoka darasa la saba, matabibu waliotoka kidato cha nne, na wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Matabibu wazoefu wakaweza kurudi darasani wakawa madaktari wasaidizi. Mpango wa chanjo wa taifa ukaanza mwaka 1975.

Umeona kilichotokea? Kwa sababu ya uhaba, nchi ilijenga ngazi yenye vipandio vya kati. Mtu aliweza kuanza chini, akafanya kazi, akaonekana, akapanda. Mlango wa pembeni uliwekwa makusudi, nao umeingiza watumishi wengi wazuri kwenye fani yetu.

Miaka ya 1990 sheria ikaruhusu vyuo vikuu binafsi na vya dini. Hubert Kairuki pale Dar es Salaam na chuo cha KCMC Moshi vilianza mwaka 1997, Bugando kule Mwanza mwaka 2003. Baadaye Dodoma na vingine. Nafasi zikaongezeka.

Matunda yake? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kufikisha miaka 5. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Si kazi ya madaktari peke yao. Ni chanjo, vyandarua, maji, na ninyi akina mama kuwahi kituoni. Ila katika hao 43, watoto 24 walifariki ndani ya siku 28 za kwanza. Hapo ndipo penye uhitaji mkubwa wa wataalamu wa watoto, hasa wa vichanga. Mwanao akisema anataka kazi hii, usimwambie nafasi zimejaa.

5. MABINTI NA MUDA

Mama wa mabinti, hii ni yenu.

Mwaka 1974 lilipitishwa Azimio la Musoma. Mojawapo ya mambo yake: mwanafunzi akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza afanye kazi angalau miaka 2. Nia ilikuwa njema, wasomi waguse maisha ya wananchi. Lakini idadi ya wasichana chuoni ikashuka. Miaka miwili nyumbani kwa binti wa miaka ishirini ina mambo yake: posa, ndoa, mimba, kuuguza wazee. Serikali ikaona, ikawaruhusu wasichana waende moja kwa moja.

Somo lake halijachakaa. Kinachomtoa binti kwenye njia ndefu mara nyingi siyo akili. Ni pengo. Mwaka mmoja wa "pumzika kwanza, tutaona", na njia inafungwa taratibu bila mtu kutangaza.

Na kama pengo limeshatokea? Novemba 2021 serikali ilitoa mwongozo unaoruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Wewe dada mdogo unayesoma hapa ukiwa na mtoto kifuani, hii inakuhusu na wewe pia. Siandiki kwa ajili ya ndoto za watoto wenu tu.

Mfano upo. Profesa Esther Mwaikambo anatajwa kuwa mwanamke Mtanzania wa kwanza kuwa daktari. Alisomea Umoja wa Kisovieti na kuhitimu mwaka 1969. Akachagua nini? Watoto. Akawa profesa wa magonjwa ya watoto, akaongoza Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki, na mwaka 1987 akawa miongoni mwa waanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake. Alipoanza hapakuwa na aliyemtangulia wa kumuuliza njia. Binti yako anao wa kuwauliza.

6. SASA HESABU YENYEWE

Mlango wa mbele:
– Sekondari ya kawaida, miaka 4.
– Kidato cha 5 na 6, mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia: miaka 2.
– Shahada ya udaktari, MD: miaka 5.
– Udaktari tarajali, mafunzo kazini hospitalini: mwaka 1. Usajili wa daktari uko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika.
– Shahada ya uzamili ya magonjwa ya watoto: miaka 3. Hapo anaitwa daktari bingwa wa watoto.

Jumla miaka 15 kuanzia kidato cha kwanza. Akitaka ubingwa bobezi, kwa mfano saratani za watoto, anaongeza tena.

Mlango wa pembeni:
– Sekondari ya kawaida, miaka 4, akiwa amefaulu masomo ya sayansi.
– Diploma ya utabibu, miaka 3.
– Akiwa na matokeo mazuri ya diploma anaomba MD: miaka 5.
– Utarajali mwaka 1, ubingwa miaka 3.

Jumla miaka 16. Soma tena: 15 na 16. Tofauti ni mwaka mmoja! Tena huyu wa pembeni akimaliza diploma tayari ana kazi mikononi. Akikwama ada anaweza kufanya kazi kwanza, ingawa hapo miaka itaongezeka. Kwa hiyo mtoto akikosa PCB msimlilie kama kuna msiba. Kaeni chini, angalieni matokeo ya Kemia, Biolojia na Fizikia, mpige hesabu.

Angalizo mbili. Vigezo vya alama hubadilika, kwa hiyo kila mwaka someni mwongozo wa TCU kwa digrii na wa NACTVET kwa diploma, msitegemee maneno ya jirani. Na kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, hakikisha kimesajiliwa na kozi yake inatambulika.

7. PESA

Tuseme ukweli, udaktari ni ghali. Ila angalieni vipandio vilivyowekwa hapa pia. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 zikaongezwa kidato cha tano na sita. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na miaka ya karibuni mikopo imefika hata kwenye baadhi ya kozi za diploma, zikiwemo za afya. Upo pia ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita.

Mkopo unaombwa kwa karatasi. Cheti cha kuzaliwa chenye jina linalofanana na la shule ni jambo ambalo mama unaweza kulishughulikia mtoto akiwa bado ananyonya. Herufi moja iliyokosewa leo itawasumbua wakati dirisha la maombi limebaki na siku tatu. Nenda RITA mapema.

8. MZAZI UMSHIKE MKONO WAPI?

Chini ya miaka 7: mlishe vizuri, msomee, mjibu maswali yake. Ubongo unajengwa na chakula na mazungumzo.

Shule ya msingi: hesabu na kusoma. Halafu kuna mto mkubwa mbele: msingi amesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakuta Fizikia kwa Kiingereza. Watoto wengi wanaoitwa wagumu wa sayansi wameshindwa lugha, siyo sayansi. Mwanzishie Kiingereza cha kusoma vitabu mapema, hata dakika 20 kwa siku.

Kidato cha 1 na 2: hapa ndipo Fizikia na Kemia zinapotupwa, hasa na wasichana. Usisubiri matokeo. Uliza kila wiki: leo mmefanya nini maabara? Kama shule haina mwalimu wa Kemia, ni heri ujue mwezi wa pili kuliko mwaka wa pili.

Kidato cha 3 na 4: usikubali aache Fizikia kwa sababu rafiki zake wameacha. Milango yote miwili niliyoitaja inapitia hapa. Hiki ndicho kipandio ambacho kikivunjika, kukiunga tena ni kazi kubwa.

Baada ya hapo, kazi yako inakuwa kulinda muda wake. Pengo lisiingie.

Na akibadili mawazo njiani, akataka uuguzi, famasia, maabara au ualimu wa sayansi, mpokee. Njia hii hii itamfikisha huko kote, na wodi ya watoto haiendeshwi na daktari peke yake. Mimi ni shahidi.

Mama zangu, nchi iliyoanza na madaktari 12 haikuwapata wengine kwa bahati. Kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani aliyesema "nenda shule, vyombo nitaosha mimi". Jioni ya leo kuwa mtu huyo.

Andika hapo chini mwanao yuko darasa la ngapi na somo gani linamsumbua; nitajibu kadiri zamu zitakavyoniruhusu. Mtumie na yule dada yako mwenye binti wa kidato cha pili, asisubiri matokeo.

Sehemu ya 10: homa ya usiku, lini usubiri asubuhi na lini uamshe dereva bodaboda. Mbaki salama.